Nailoni za Baiskeli ya Zuhura, Nachingwea Hadi Nkowe

Nyote mmeniuliza swali lile lile, wengine kwa huruma, wengine huku mmeshika mbavu: mtu mwenye akili timamu anaendeshaje baiskeli kutoka Nachingwea, apite Ruangwa, afike Nkowe, wakati mabasi yapo? Nimechoka kusimulia upya kwa kila anayekuja kutoa fotokopi dukani kwangu, kwa hiyo nimeandika. Mkimaliza kusoma, naomba mniache.

Habari za nilivyoinunua hiyo baiskeli siwachoshi nazo. Jueni tu kwamba ilikuwa ya Zuhura, mtoto wa dada yangu Somoe, aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Shule iko mbali na kwao Nkowe. Watoto wasio na baiskeli hupanga chumba karibu na shule na kujipikia wenyewe, na dada Somoe alishawaona mabinti wa jirani waliopanga vyumba walivyorudi nyumbani: kabla ya mitihani, na mimba.

"Zuhura hapangi chumba," aliniambia. "Atakwenda na kurudi. Na mjomba mtu ni wewe."

Kwetu mjomba akishatajwa hivyo mbele ya wazee hana pa kukimbilia. Niliahidi baiskeli mpya. Si ya mtumba, mpya, pamoja na nailoni zake. Maana kwetu kitu kipya ni kile chenye nailoni. Ukiitoa tu, umeshakifanya kikuukuu kwa mkono wako mwenyewe. Kochi la mama lina nailoni mwaka wa tano sasa, na wageni hukaa juu yake kwa uangalifu ili wasiteleze.

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Safari hii ni ya Jumapili.

Stendi ya Nachingwea

Konda wa basi, kijana mwenye miwani ya jua aliyoivaa kwenye paji la uso, alitaka kuipandisha baiskeli juu ya keria, kati ya matenga ya nyanya na kitanda cha chuma.

"Itafungwa na nini?" nikamuuliza.

"Kamba."

"Kamba ya aina gani?"

"Bro, kamba ya kufungia."

"Ikikwaruza fremu je? Rimu ikipinda? Nailoni ikichanika?"

Akaizunguka baiskeli taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. "Hii ni baiskeli au bibi harusi? Mbona hutaki hata ishikwe?"

Abiria wakaangua kicheko. Nikamwambia kwa utulivu wa kisomi kwamba ninahitaji dakika chache za kutafakari. Akanipa kama tatu hivi, kisha akagonga bodi la basi kumwashiria dereva. "Suka, twende! Bwana harusi hajaridhika na usafiri!"

Basi likaondoka na kitanda cha chuma. Mimi nikabaki nikiwa na shahada.

Shahada yangu, kama mnavyojua na kama mnavyopenda kunikumbusha, ni ya mipango. Nikakaa kwenye benchi nikapanga. Nilichambua hatari za basi: kamba, kitanda, matenga. Nikachambua hatari za bodaboda: zote. Kisha nikachambua safari ya kuiendesha mwenyewe, nikapiga hesabu ya mwendo wa wastani, nikaona nitafika Nkowe saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu. Mpango ulikuwa safi kiasi kwamba haukuwa na giza ndani yake. Ndiyo maana sikubeba tochi. Nilivaa sweta jeusi, kwa sababu nyeusi haionyeshi uchafu, na mjomba anapaswa kufika akiwa nadhifu.

Kutafakari huko kulinichukua muda kidogo. Nilipoondoka ilikuwa saa sita na nusu.

Kwa bibi wa kuku

Wastani wangu haukujumuisha mvua. Ilinikuta nje ya mji, nikakimbilia baraza ya nyumba moja kando ya barabara. Palikuwa na bibi mmoja anapepeta mbaazi na mkwewe anapika. Walinikaribisha kwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na ningewaambia kilikuwa kitamu kiasi gani kama sikuwa nimekila nusu ya akili ikiwa kwenye baiskeli, ambayo nayo niliiingiza barazani isilowe.

Bibi alikuwa akinisemesha Kimwera. Mimi ni Mmwera. Nimekulia mjini, Kimwera changu kinaishia kwenye salamu, na niliona aibu kumwambia bibi mwenye mvi zile kwamba sielewi lugha ya bibi yangu mwenyewe. Basi nikawa naitikia kwa kichwa. Akiashiria matairi, naitikia. Akibonyeza tandiko juu ya nailoni, naitikia kwa tabasamu. Akacheka, nikacheka. Akanyanyuka akaenda uani.

Alirudi na kuku wawili waliofungwa miguu, akawaweka mapajani mwangu.

"Bibi ameridhika," mkwewe akaniambia.

"Ameridhika na nini?"

"Baiskeli si unauza? Ina nailoni. Amekuuliza kama kuku wawili na mbaazi zinatosha, umekubali. Amekuuliza na pampu utaongeza, umekubali. Hata sisi tumeshangaa wewe mfanyabiashara wa namna gani."

Nilieleza. Mkwe akatafsiri. Bibi akasema maneno machache.

"Anasema nini?"

"Anasema, kwa shule mlizosoma hizi, kamwulize aliyekufundisha kuitikia usichokielewa."

Aliwachukua kuku wake. Ugali hakudai. Mvua ilikuwa imekatika zamani.

Fundi, na jicho lililofungwa

Tairi la nyuma lilipata pancha sehemu yenye kokoto, na nilisukuma baiskeli mpaka kwenye kibanda cha fundi, baba mmoja mnene aliyekuwa akiongea na redio yake kana kwamba inamsikia. Alipoigeuza baiskeli juu chini, akaanza kuchana nailoni ya fremu.

"Usichane!"

Akaruka. "Kuna nini ndani, nyoka?"

"Ni zawadi. Inatakiwa kufika ikiwa mpya."

Fundi akaziba pancha. Alipomaliza, akagonga kwa bisibisi kile kioo chekundu cha nyuma kwenye madigadi, kile kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari. Kilikuwa kimezungushiwa nailoni nene ya bluu, mizunguko mitatu, na gundi ya karatasi.

"Na hili jicho? Umelifunga kitambaa?"

"Limekuja hivyo kutoka dukani."

"Dukani halioni gari. Jua linazama hilo. Usipolifungua utalala barabarani, kijana."

Nilidhani ananishauri nitafute nyumba ya wageni. Nikamshukuru, nikamwambia nitalala kwa dada.

Ruangwa, magharibi

Niliingia Ruangwa mjini adhana ya magharibi ikiita, yaani zaidi ya saa nzima baada ya muda ambao, kwa mujibu wa mpango, nilikuwa nimeshafika Nkowe na kunywa chai. Nilikula chapati mbili na maharage kwa mama ntilie, nikampigia dada Somoe kumwambia huenda nikalala hapo.

"Lala," akasema. "Zuhura ameshapiga pasi sare. Wenzake wanaondoka saa kumi na moja alfajiri. Lakini wewe lala tu, mjomba. Wiki ijayo nitamtafutia chumba."

Sina haja ya kueleza kwamba sikulala.

Kwenye meza ya pili alikuwepo mama mmoja wa makamo anamalizia chai, baiskeli yake imeegemea ukuta na ndoo mbili za dagaa zilizobaki gulioni. Watu walimwita Mama Issa. Aliyasikia mazungumzo yangu yote, na hakujisumbua kujifanya hakusikia.

"Unakwenda Nkowe na hilo sweta?"

"Ndiyo, mama."

"Jeusi. Usiku. Na baiskeli iliyofungwa kama maiti." Akasimama. "Twende, mwanangu, mimi naishi kabla ya Nkowe. Ukifa ukiwa peke yako watasema hapakuwa na mtu wa kukuonya."

Barabarani, gizani

Baiskeli ya Mama Issa haikuwa na nailoni mahali popote. Haikuwa hata na rangi. Lakini nyuma, chini ya ndoo, alikuwa ametundika CD mbili za kaswida zilizokwisha kukwaruzika, na kila gari lilipotokea nyuma yetu zilimeremeta kama zimewashwa umeme. Mbele alifunga tochi kwa mpira wa tyubu. Kichwani, juu ya mtandio, alijitanda kanga nyeupe.

"Hizi hazipigi tena," alisema kuhusu zile CD. "Lakini madereva wote wanazisikia."

Njiani alinifundisha, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mbuzi. Gari likija mbele, usiitazame taa yake, tazama ukingo wako wa kushoto. Likija nyuma na unasikia linakuja vibaya, shuka, simama kwenye nyasi, heshima utaivaa kesho. Dereva anayekuja mbele yako akiwasha indiketa ya kulia, hakati kona. Anakuonyesha mwisho wa gari lake uko wapi, ili usimkaribie.

"Hakati kona?" Nilishangaa kwa dhati. Nilikuwa nimesimama mara mbili kupisha malori yanayokata kona kuingia porini, nikijiuliza huko porini kuna nini.

"Mlisoma nini chuoni nyie?"

"Mipango."

"Eeh." Akapiga pedali kidogo. "Sasa panga. Fungua hilo jicho."

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu ahadi, kuhusu wazee, kuhusu Zuhura ambaye hajawahi kupewa kitu kipya, kila kitu chake kilipita kwanza kwa mwingine. Kwamba nikichana nailoni moja, nyingine zitalegea, na itafika kama mtumba. Niliongea vizuri. Nilikuwa bado naongea wakati taa moja ilipotokea nyuma yetu.

"Pikipiki," akasema Mama Issa, akasogea kushoto kidogo, nafasi ya pikipiki. Nami nikasogea kidogo, nafasi ya pikipiki, nyuma yake na kulia kwake kwa sababu kushoto kulikuwa na tope na sikutaka matairi yachafuke.

Haikuwa pikipiki. Lilikuwa lori lenye taa moja.

Sikumbuki kuamua chochote, jambo ambalo kwangu ni la kihistoria. Nakumbuka mlio wa breki, upepo wa moto kwenye shavu, na mtaro. Nilitua chali ndani ya maji na baiskeli juu yangu, nimeikumbatia kwa mikono na miguu ili isiguse matope. Ubavu uliuma. Lori lilisimama mbele limekaa mshazari, mbao zilizopakiwa nyuma zikiendelea kugongana.

Lori chongo

Dereva alishuka akaja mbio, akasimama, akainama akashika magoti. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za kijivu na alikuwa analia bila kujua kwamba analia.

"Nimeua?" alimuuliza utingo wake, mwanamume mwenye kitambaa shingoni, aliyekuwa anamulika mtaroni kwa simu.

"Mzima. Amekumbatia baiskeli."

Hofu ya dereva ikageuka hasira palepale. "Huyu mama nimemuona toka kule kilimani! Vile visahani vyake! Nikajua mtu mmoja, nampisha. Wewe nimeuona mguu! Mguu tu, mweusi, unazunguka peke yake! Huna jicho la nyuma, umevaa sweta kama mwizi!"

"Na wewe?" Mama Issa alikuwa ameshika ndoo yake ya dagaa kama anataka kuirusha. "Gari kubwa hivi, chongo! Nimedhani pikipiki, nikakuachia nafasi ya pikipiki! Taa yako ya pili iko wapi?"

"Imeungua."

"Lini?"

Utingo akakohoa.

"Lini?" akarudia Mama Issa.

"Wiki mbili," utingo akasema. "Lakini balbu tunayo."

Sisi wawili tukamtazama.

"Ipo kwenye dashibodi," akaendelea kwa aibu. "Mpya, ndani ya boksi lake. Tunaiweka tukikaribia trafiki, tukishapita tunaitoa. Barabara hii inatikisa, balbu mpya inaungua bure."

Nikiwa mtaroni, na maji yakiingia kwenye sweta, nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Mtu mmoja amefunga jicho lake kwa nailoni ili lisichakae, mwingine ameweka jicho lake kwenye boksi ili lisiungue, na wote wawili wamekutana barabarani, usiku, wakitunza vitu vyao vizuri kabisa. Dereva alidhani nimepata kichaa cha ajali. Nilipomweleza, alitazama baiskeli, akatazama lori, akakaa chini kwenye kokoto.

Hakuna aliyeomba radhi. Mambo hayakwenda hivyo. Utingo alileta boksi, akaitoa balbu kwa ncha za vidole, akaifunga. Mimi nikatoka mtaroni na kuanza kuchana nailoni ya kioo cha nyuma kwa meno, kwa sababu gundi ilikuwa imara kuliko kucha zangu. Nailoni nyingine zilikuwa zimeshachanika zenyewe kwenye mawe. Dereva akarudisha lori nyuma hatua kama hamsini, akawasha taa zote mbili.

"Simama barabarani!" akapiga kelele dirishani. "Kando! Geuza mgongo!"

Niligeuza. Sikuona kitu, bila shaka. Lakini nilimsikia Mama Issa.

"Haya," alisema taratibu. "Sasa una jicho."

Walitufuata nyuma mwendo wa miguu, taa mbili, mpaka njia panda ya kwa Mama Issa, yeye akiwalalamikia njia nzima kwamba mwanga wao unamtia joto mgongoni. Alipokata kuingia kwake alichomoa CD moja akanirushia. Wale wa lori wakanisindikiza mpaka Nkowe, wakapiga honi, wakaenda zao.

Nkowe

Dada Somoe alinipokea na taa ya sola. Alinimulika mimi kwanza, tope kutoka kichwani mpaka viatuni, akaona nipo mzima. Kisha akaimulika baiskeli. Madigadi ilikuwa na mkwaruzo, pedali moja imepinda kidogo, na nailoni zilining'inia kama ngozi ya kiazi.

"Umetuletea mtumba," akasema.

Nilisimulia yote niliyowasimulia nyie, kwa kirefu zaidi. Zuhura alikaa mlangoni, magoti kifuani, akisikiliza. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema "pole", akaenda kunipashia maji ya kuoga. Lakini usiku, nikiwa mkekani na ubavu ukinisumbua, nilimsikia uani anafuta baiskeli kwa kitambaa, na baadaye nikasikia mchakacho ambao ningeutambua popote duniani. Alikuwa anaifunga upya, kwa nailoni alizokuwa amezitunza ndani. Kesho majirani wote watakuwa njiani, na hakuna atakayesema mjomba wa Zuhura ameleta kitu kilichotumika.

Nililala nikiandaa hotuba. Nilipanga hoja tatu, nikazipangua, nikapanga tano. Alfajiri niliamka kwa kengele za baiskeli za wanafunzi wanaopita gizani, nikatoka mbio na hotuba yangu mdomoni.

Baiskeli ilikuwa imesimama uani, imefungwa nailoni mpya kutoka mpini hadi keria, inang'aa kama imeshuka dukani dakika hiyo. Zuhura alikuwa amechuchumaa nyuma yake na sare yake iliyopigwa pasi, wembe mkononi. Alikuwa amekata nailoni ya madigadi kwa uangalifu, mduara mmoja, sawasawa na ukingo wa kile kioo chekundu. Nailoni yote imebaki. Jicho liko wazi. Ile CD alishaitundika chini yake.

"Mama hajakasirika," alininong'oneza. "Nimemwonyesha."

Miaka mitatu ya chuo, kilomita zaidi ya hamsini, mtaro mmoja, na tundu la wembe halikunijia akilini hata mara moja. Hotuba nikaimeza.

Nilimsindikiza Zuhura mpaka barabarani. Wenzake walikuwa wanne, wakaondoka kwa mstari, na bado ilikuwa giza. Nikawasha tochi ya simu nikamwelekezea mgongoni, na lile jicho jekundu likanijibu, dogo, linapanda na kushuka kila anapokanyaga pedali. Nilishaanza kufikiria kona, tope, mvua ya jioni, miaka minne ya asubuhi kama hii. Ndipo gari likatokea mbele yao, taa zote mbili. Likapunguza mwendo. Likawasha indiketa ya kulia.

Jicho jekundu likasogea kushoto, likatulia, likaendelea.